Jaketi la Kupandia Ngong

Mikono miwili ilishika jaketi moja. Mmoja ulikuwa na kucha zilizopakwa rangi ya zambarau. Wa pili ulikuwa mpana, wenye kovu kwenye kidole gumba. Ilikuwa mwisho wa mwezi, na katika kibanda cha mitumba cha Wainaina, kando ya River Road, watu walisukumana utadhani nguo zinagawiwa bure.

"Siste, hii nimeshika mimi kwanza," mwanamume akasema.

"Umeshika mkono. Mimi nimeshika kola. Mwenye kola ndiye mwenye jaketi," Kamene akajibu.

"Msinirarulie mali!" Wainaina akafoka. "Na mnajua kama inazuia upepo? Madam, weka mdomo hapa upulize. Wewe kijana, weka mkono upande ule mwingine. Pumzi ikipita, hiyo ni ya kupigia picha tu."

Kamene, ndani ya suti yake ya kijivu ya ofisi, aliinama akapuliza lile jaketi la buluu. Kiganja cha mwanamume kilikuwa kinangoja upande wa pili.

"Umeskia kitu?"

"Bado sijui. Puliza tena."

Akapuliza.

"Hebu mara ya mwisho."

"Madam, wacha kuchoshwa," Wainaina akasema huku akicheka. "Huyu alijua tangu ile ya kwanza. Hapo upepo haupiti!"

Kamene aliona haya, lakini alicheka pia. Mwanamume aliitwa Kuria. Yeye alitaka jaketi kwa sababu kila alfajiri alitoka Mutuini kwa baiskeli kwenda kazini kichinjioni, Dagoretti. Kamene alilitaka kwa sababu ofisi yao ya bima ilikuwa na mpango wa kupanda milima ya Ngong. Kuria ndiye aliyeachilia.

"Chukua. Huko juu upepo hauna adabu. Lakini nipe namba yako, nijue kama ilikufaa."

Safari ya Ngong iliahirishwa, ikaahirishwa tena, kama yalivyo mambo ya ofisi. Penzi halikungoja.

"Haloo, jaketi yangu iko aje?" Kuria angeuliza kwenye simu.

"Jaketi yangu iko poa. Anayeuliza ndiye ako na baridi?"

"Sana. Kuja unipulizie."

"Shika adabu, Kuria!" Lakini simu hakuikata.

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kamene alikibana chake kifuani. Alimpenda Kuria, hilo halina ubishi. Ila ofisini alisema ana "mtu wa biashara", na akiulizwa biashara gani, alijifanya simu yake imeita. Mutuini hakuwa amewahi kukanyaga, kila mara ana udhuru. Na siku ya Ngong ilipowadia, Kuria alipouliza kama aje, alimjibu, "Ah, dear, ni mambo ya ofisi tu. Utaboeka."

Kuria alikuja hata hivyo, kumshtua mpenzi wake. Aliwakuta pale magari yanapoegeshwa, amebeba themosi ya supu ya mifupa. Hakuwa na jaketi, kwa hiyo juu ya sweta mbili alikuwa amevaa koti lake jeupe la kazi. Lilikuwa limefuliwa likafulika, lakini doa la damu kwenye mkono lilikuwa limekataa katakata kutoka.

"Kam!" akaita, meno yote nje.

Madam Philister, mkubwa wa ofisi, aligeuka. "Kamene, huyu ni nani?"

Heri ulimi ungemkauka. "Ni... ni mchoma nyama, Madam. Nilimwambia aje atuchomee ile mbuzi tuliyonunua."

Kuria alimtazama. Hakukasirika, hasira Kamene angeivumilia. Uso ulimlegea tu, kisha akamgeukia mkubwa. "Ndiyo, Madam. Mbuzi iko wapi?"

Basi akachoma. Kamene na wenzake walipanda mlima wakashuka, wakamkuta bado amepiga magoti kwenye makaa, upepo unampiga mgongoni. Kamene ndani ya jaketi lake hakusikia baridi hata kidogo, na hilo ndilo lililomchoma roho. Kuria alipomfikia na sinia, alimwekea mbavu akasema, "Karibu, madam."

"Mtu wako anajua kazi," Madam Philister akamsifu.

"Asante," akasema Kamene, na hajawahi kulichukia neno kama siku ile. Supu ilirudi Mutuini haijafunguliwa.

Baada ya hapo Kuria hakushika simu. Kamene alipiga mpaka akachoka, kisha siku moja akatoka ofisini mapema, akaenda kwao Kuria, Mutuini. Alimkuta mama yake Kuria akipalilia sukuma wiki. Alipojitaja jina tu, mama alitupa jembe akamkumbatia.

"Ndiwe wewe! Kuria alituambia vile ulimjulisha kwa wakubwa wako, mpaka wakamsifu mbele ya watu wote. Ubarikiwe, mwanangu. Wengine huonea haya kazi yake."

Kamene alitamani ardhi ipasuke. Aliketishwa sebuleni, akamiminiwa chai. Angeweza kunyamaza tu, na mama huyu angempenda maisha yake yote.

"Mama, si kweli," akasema. Akaeleza yote, macho sakafuni, hata lile la "mchoma nyama". Alipoinua uso, Kuria alikuwa amesimama mlangoni.

Mama aliwatazama wote wawili, akachukua birika, akatoka kwenda jikoni ng'ambo ya ua.

"Kwa nini umemwambia?" Kuria akauliza. "Alikuwa amefurahi."

"Kwa uongo."

"Uongo ulikuwa wangu. Nilitaka akupende."

Hapo Kamene alilia kilio cha kweli. "Nisamehe, Kuria."

"Kusamehe naweza. Kusahau ndiyo sijui."

"Basi usisahau. Nioe hivyo hivyo, ukikumbuka."

Kutoka jikoni walisikia mama akilia, akipenga kamasi.

"Anza na yule," Kuria akasema. "Ukimnyamazisha yeye, mimi sina neno."

Kamene alivua viatu vyake vya ofisi, akavuka ua pekupeku.