Meno Arobaini na Nane

Kituo cha mafuta kilikuwa kimefurika asubuhi ile, na kila mwenye honi alikuwa anaipiga. Katikati ya foleni dada mmoja mwenye koti jekundu alikaa juu ya pikipiki yake, kisigino kikigonga lami, hana subira hata ya dakika moja. Wenzake wa kupeleka vifurushi walimwita Mshale. Foleni iliposogea akaondoka kwa pupa, injini ikakohoa, ikazima.

"Umeanza na gia ya pili," sauti ikasema nyuma yake. "Ya kwanza ipo, haijauzwa."

Akageuka ampe vidonge vyake. Akaona kijana mrefu, ovaroli ya buluu, mikono myeusi kwa grisi, macho yanayocheka peke yake. Maneno yote aliyoyaandaa yakamponyoka.

"Na wewe nani, mwalimu wangu?"

"Fundi. Gereji ile pale. Ilete, niitazame."

Akaipeleka. Siku ya kwanza ilikuwa taa, ya pili breki. Ya tatu hapakuwa na kilichoharibika, akaipeleka vilevile. Mwezi haukuisha, simu zikawa hazikauki.

"Umefika, laazizi?"

"Nimefika."

"Mbona unahema?"

"Nimepanda ngazi."

"Makubwa! Hata ngazi unashindana nazo!"

Lakini Mshale hakuwa na raha. Vifurushi vilikuwa vimepungua, na maabara kuu ilitafuta mwendeshaji mmoja wa kuchukua sampuli za damu kwenye zahanati za kilimani. Jumamosi kungekuwa na mtihani: kupanda kilima kizima na sanduku zito nyuma, kwa dakika sita. Akikosa, ndio basi, anahamia kwa dada yake, mji wa mbali, akauze vitambaa.

"Na hii pikipiki inanifia kwenye kona ya mwisho," alimlalamikia Fundi. "Gia ya pili inazidiwa. Ya kwanza inapiga kelele tu, haiendi."

"Niachie mpaka Ijumaa."

"Nikikosa utanililia?"

"Nitafunga gereji." Kisha akaongeza kwa utani, "Ila unavyokimbia barabara kuu! Ningekuwa na uwezo ningekupunguzia mwendo."

Wakacheka wote wawili.

Ijumaa Fundi alikuwa ameenda kutafuta vipuri, ameacha ufunguo. Mshale akaijaribu barabara kuu. Mungu wangu! Injini ilipiga mayowe, spidi ikagota themanini. Zamani ilifika mia bila jasho. Akasimama kando, akainama. Sproketi ya nyuma, lile duara la meno linalovutwa na cheni, ilikuwa mpya, kubwa kama sahani. Akampigia simu palepale.

"Umenipunguzia mwendo!"

"Ndiyo, lakini..."

"Ndiyo? Hata haya huna! Kama hutaki niendeshe ungesema, siyo kuniharibia kazi!"

Akakata. Simu ikaita mara tatu, asiipokee. Ukaja ujumbe: "Kilimani usibadilishe gia mapema. Subiri injini ilie." Akausoma, akasonya, akalia. Alimpenda, na hilo ndilo lililomuuma.

Jumamosi hakuwa na pikipiki nyingine. Sanduku likafungwa, akaondoka. Kona ya mwisho ilipokaribia, mguu ulimwasha abadilishe gia kama kawaida yake. Akajizuia. Injini ikalia, ikazidi kulia, na palepale ilipozoea kufa ikavuta, gia ya pili ileile, bila kuchoka, mpaka juu.

"Dakika tano na nusu," alisema mama wa maabara, saa mkononi. "Kazi ni yako, binti. Nani fundi wako?"

Mshale akainamisha kichwa kwa aibu, akageuza pikipiki kuelekea gereji.

Alimkuta Fundi ameketi juu ya tairi, mlango wa gereji nusu umefungwa.

"Ile sproketi yangu ya zamani iko wapi?"

Fundi akanyoosha kidole ukutani. "Unaitakia nini?"

"Irudishe. Kesho naenda kwa dada. Barabara ndefu, tambarare, nataka mwendo."

Uso ukamshuka. "Kumbe umekosa."

"Nimepata. Naenda kumwambia sihami. Na nataka amwone mtu mmoja, kama huyo mtu anaweza kukaa nyuma yangu bila kupiga kelele. Nisamehe, mpenzi. Lakini nawe ungeniambia!"

"Nilijua ukipanda utaelewa."

"Mimi siyo injini. Niambie unachofanya."

Fundi akachukua spana, akapiga magoti kando ya gurudumu.

"Natoa meno arobaini na nane. Yanaibakiza injini pale penye nguvu zake unapopanda. Narudisha thelathini na tisa. Kilimani yatakuchosha, tambarare utafurahi. Jumatatu nabadilisha tena."

"Halafu?"

"Halafu nakaza cheni."

"Halafu?"

Spana ikasimama. "Halafu nakuoa, ukikubali."

Kwa mara ya kwanza tangu amjue, Mshale hakuwa na haraka. Akakaa kwenye tairi, akamtazama weee, mpaka Fundi jasho likamtoka.

"Nimekubali," akasema. "Kaza nati, dada anangoja."