Mume wa Fundi Mitambo

"Yule mpiga gitaa ni nani kwako?"

Mke hakugeuka. Alikuwa ameinamia mitambo yake katikati ya ukumbi mtupu, hedifoni shingoni, wanamuziki wakijaribu vyombo jukwaani.

"Kaunta ya duka umemwachia nani?"

"Baba yako. Nijibu!"

"Ni mpiga gitaa. Namtengenezea sauti. Basi."

Mume akamsogezea simu usoni. Namba ngeni ilikuwa imeandika: "Wewe kata soseji tu, kaka. Mwenzio kila ukumbi ana mwenyeji wake. Leo ni mpiga gitaa."

Mapenzi yao yalianzia dukani. Kijana aliajiriwa kukata nyama za moshi na jibini, akampenda binti wa mwenye duka, aliyepanga chupa za zeituni asubuhi na kufunga spika jioni. Wakaoana. Lakini kazi za muziki zilipozidi, meseji nazo zikaanza kuingia, na wivu ukamtafuna mume kimyakimya kama mchwa kwenye mlango.

"Umempigia?"

"Hapokei."

"Piga tena. Weka sauti ya nje. Tuone itaita mfukoni mwa nani."

Ikaita. Jukwaani hakuna aliyeshtuka. Ghafla ikapokelewa, kama iliyoguswa kwa bahati mbaya, wala hakuna aliyesema "halo". Kulisikika tu mashine ikinguruma na chuma kikikwaruza.

Mke akainua kidole, akatega sikio. Uso ukambadilika.

"Hiyo ni mashine yetu ya kukatia nyama. Kisu kinakwaruza upande mmoja. Nimekua na huo mlio."

"Dukani yupo Baba peke yake..."

"Ndiyo."

Mume akakata simu, wakaondoka mbio kwenda dukani.

Walimkuta mzee nyuma ya kaunta, anajifuta mikono.

"Baba, wewe ndiye unayemwandikia mume wangu?"

"Mimi? Kuandika nini tena?"

Mume akapiga ile namba. Simu ndogo ikaita kando ya jibini. Mzee akainyakua, ikamteleza kwa mafuta ya vidole, ikaanguka.

"Nilidhani akikugombeza utaacha muziki," akasema, akiinama kuiokota. "Mama yako alizeeka kwenye kaunta hii. Nikifa, ibaki na nani?"

"Kila asubuhi nani anafungua huu mlango, Baba? Ungeniuliza. Ukaona bora uniite malaya!"

"Nimekosa, mwanangu. Nisamehe."

"Nitakusamehe. Lakini siyo leo."

Akatoka. Mume akamfuata mbio hadi barabarani.

"Mke wangu, kumbe mzee..."

"Mwache mzee. Yeye alidanganya, wewe uliamini. Unasoma uchafu ule, kisha unalala kando yangu kimya?"

"Niliogopa kuuliza. Ukirudi kutoka kazini unang'aa. Nikadhani yupo mtu anayekung'arisha."

"Ni kazi inayoning'arisha! Hujawahi hata kuja kuniona nikiifanya."

Hilo lilimchoma kuliko matusi. Kweli, hakuwahi, ila leo alipokuja kugomba.

"Niruhusu nirudi nawe ukumbini leo," akasema. "Siyo kukuchunga. Nikuone tu."

Mke akamgeukia.

"Meseji nyingine ikija?"

"Utaisoma wewe kwanza."

"Na Baba?"

"Kesho nitakaa naye. Hatakulazimisha uchague kati ya duka na muziki, na mimi sitakulazimisha."

Mke akapumua. Hakutabasamu, lakini akamshika mkono.

"Haya, twende. Ila ujue, kwangu hakuna anayekaa bure. Utabeba nyaya."