Shuti Lililopigwa Gizani

Haya yalimpata rafiki yangu, anayefundisha kompyuta kubashiri kama shuti la hoki ya barafuni litaingia golini. Kaka yake, golikipa, alikuwa amelazwa hospitalini, hajitambui, tangu shuti limpige shingoni. Mama yao akamtuma rafiki yangu uwanjani kuchukua nguo za kaka huyo.

Umeme ukakatika. Gizani akasikia fimbo ya hoki ikipiga shuti: ko! Kompyuta aliyoibeba, ikitumia betri, ikaandika: “Halitaingia.”

Ko! “Halitaingia.”

“Kaka, rudi! Mama atakufa kwa kilio!” rafiki yangu akaita, akiamini kaka yake ndiye anayezuia mashuti gizani, na kwamba moja likiingia, hataamka tena.

Ko! “Litaingia.”

Akakimbilia golini, akateleza, akapiga magoti na kutanua mikono.

Taa zilipowaka, barafu haikuwa na hata mkwaruzo. Wavuni, nyuma yake, kisahani cha mpira kinachopigwa kwenye hoki kilikuwa bado cha moto.