Kifungu cha Tisa

"Huu mwandiko ni wa nani?"

Mchumba wangu alisimama mlangoni, tai haijafungwa, akaitazama karatasi mkononi mwangu.

"Umeitoa wapi?"

"Mezani kwako. Nijibu."

"Ni wangu."

Karatasi ile ilikuwa rasimu ya muswada wa chama chake. Yeye ni mbunge na msemaji wa chama tawala, mimi ni mkunga. Niliingia nchi hii nikiwa na miaka mitatu, mgongoni kwa mama, tukikimbia vita. Uraia tumeomba mara nne, mara nne tumenyimwa. Na kifungu cha tisa cha muswada wao kilisema watu kama sisi tuondoke ndani ya siku tisini.

"Umekaa chini ukaandika mimi na mama tufukuzwe?"

"Mwenyekiti aliniagiza! Chama kimepasuka, mpenzi. Nusu wanataka wageni waondoke, nusu wanasema ni unyama. Nikikataa wananimaliza."

"Ukaona bora unimalize mimi."

"Tukioana utapata vibali..."

"Na mama? Utamuoa na yeye?"

Sikungoja jibu. Nikabeba mkoba wangu nikaenda kazini.

Mchana ule wabunge wa chama walikuwa na kikao cha kupigia kura kifungu hicho. Sikutaka hata kusikia. Nilizalisha wawili, simu inatetemeka tu mfukoni. Saa tisa ndipo nikaifungua.

"Nimesimama nikasema nilikiandika mimi na sasa nakipinga. Mwenyekiti kaniita msaliti. Ukumbi umechafuka, wenzangu wanataka kukunjana mashati."

Chini yake nyingine:

"Kimeanguka. Arobaini na moja kwa thelathini na nane. Usemaji wamenivua."

Nikaketi sakafuni palepale koridoni, machozi yakanitoka bila breki.

"Nesi, umefiwa?" mjamzito mmoja akaniuliza.

"Hapana, dada. Nimepumua."

Jioni alinisubiri getini, tai mfukoni, macho mekundu.

"Sijaja kudai shukrani," alisema. "Nilipaswa kukataa tangu siku ya kwanza. Niliogopa."

"Uliogopa, halafu ukanificha. Wiki tatu unakula kwetu, mama anakupakulia!"

"Najua. Ndicho kilichonisimamisha leo. Nilishindwa kufikiria nitamtazamaje usoni."

Hasira bado ilikuwepo, sitadanganya. Lakini kifua changu kilikuwa chepesi mno kuibeba. Nikampigia mama.

"Mama, kile kifungu kimeanguka. Hatuendi popote."

 Nikasikia akivuta pumzi ndefu, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja.

"Mungu mkubwa! Nani kakiangusha?"

"Wengi. Na huyu mmoja aliyekiandika."

Nikamweleza yote, hadi kazi aliyopoteza. Mama akauliza:

"Yupo hapo?"

"Yupo."

"Mpe simu."

Akaipokea kwa mikono miwili. Nilisogeza sikio.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ulituandikia kufukuzwa?"

"Ndiyo, mama. Nilikosa. Nisamehe."

"Wewe mwanaume ni mwoga."

"Ndiyo, mama."

"Lakini umejitahidi. Jumapili uje na wazee wako, mlete posa. Nimechoka kukulisha kama mpita njia."

Aliyekuwa msemaji mzima wa chama akachomoa tai mfukoni, akafuta macho. Nikamnyang'anya simu.

"Mama, watakuja," nikasema.