Taa ya Nane Chini ya Ngazi

"Sindano, faili limetumwa asilimia sitini na mbili. Linatoka humo humo ndani. Tunaliona likipita tu, chumba hatukijui," Mkuu wake alisema kwenye kifaa cha sikioni.

Sindano alikuwa amepiga magoti chini ya ngazi, bastola ikimchoma kiunoni.

Faili hilo la wizi lilibeba majina arobaini ya wapelelezi. La kumi na tisa lilikuwa la dada yake, aliyejifanya mpishi wa wauza silaha ng'ambo ya mpaka. Likiwafikia zima, dada hamalizi siku. Lisipotimia, halifunguki.

"Nichomoe waya wa nyumba, Mkuu?"

"Thubutu! Mwizi atatoroka na nakala. Namtaka yeye na kompyuta yake."

Waya mmoja uliingia kutoka barabarani, ukapita kwenye ruta, ukaishia kwenye swichi yenye matundu manane ya kutolea. Hapo ndipo wapangaji walipogawana intaneti. Mama mwenye nyumba, ambaye wote humwita Shangazi, alifunga uzi wa sufi kwenye kila waya: mwekundu wa fundi cherehani, kijani wa nesi, njano wa kinyozi. Nyuzi saba.

Taa nane zilipepesa.

Waya wa nane haukuwa na uzi. Ulizama ukutani.

"Shangazi, vyumba vingapi havina intaneti?"

"Vitano, mwanangu. Wanasema hawana haja nayo," mama alijibu nyuma yake.

Milango mitano. Akivunja wa kwanza, mwizi yuko dirishani.

Sauti ya Mkuu sikioni: sabini na nne.

"Waambie wale saba wafungue video. Wote, sasa hivi."

"Umekunywa nini wewe?"

"Shangazi, nakuomba."

Shangazi hakuhitaji kipaza sauti. "Jamani eeh! Leo ruksa! Fungueni video mpaka ruta itoke jasho!"

Nyumba ikalipuka. Mpira kwa nesi, mahubiri kwa kinyozi, fundi na miziki yake.

Themanini na tisa.

Themanini na tisa.

Tisini.

Faili sasa lilijikokota. Dakika moja. Mbili.

Tisini na moja.

Mlango ukabamizwa ghorofani. "Nani huyo anamaliza intaneti?"

Mpangaji wa chumba cha kumi na moja, yule mpole wa salamu, alisimama juu ya ngazi na singlendi, mishipa imemtoka shingoni.

Shangazi akashika kiuno. "He! Si uliniapia hata simu yako ni ya tochi? Unalilia intaneti gani, baba?"

Jamaa akapeleka mkono kiunoni.

Sindano alishapanda ngazi sita. Kiwiko. Teke. Bastola ya jamaa ikabingirika hadi miguuni pa Shangazi.

Chumbani, kompyuta ilisoma tisini na tatu. Sindano akachomoa waya.

"Mkuu, limekufa njiani. Mtu na mashine ninavyo."

Mkuu akajibu: "Dada yako bado anapika."

Sindano akaweka kola sawa, akamsukuma mfungwa wake mbele.

"Sasa hilo tundu la nane nimpe nani?" Shangazi aliuliza.

"Lifungie uzi mweusi. Dada akirudi, atahitaji chumba."

Akatoka bila kugeuka. Nyuma yake, mpira ulikuwa bado unaendelea.