Kijana Aliyetazama Jukwaani

Majirani zangu wa Dunmore, na ninyi wengine mnaosoma mkiwa mbali na Indiana, nyumba ya akina Pruitt ilikuwa nyumba tulivu. Nimeishi upande wa pili wa uzio wao tangu Tavian akiwa anatambaa, na kama kungekuwa na vurugu ningekuwa wa kwanza kuzisikia, tena wa kwanza kuzisimulia. Jumamosi za masika Delbert aliwasha jiko la mkaa uani na kuchoma mbavu. Mkewe Rochelle, akitoka zamu ya hospitali, alikaa ngazini akivua viatu. Mtoto wao wa pekee, Tavian, alirusha mpira wa kikapu kwenye ringi iliyogongomelewa juu ya mlango wa gereji.

"We Tavian!" Delbert angepaza sauti mtoto akikosa. "Huo hata Bi Clarice angeufunga, na magoti yake hayo!"

"Magoti yangu yaache," nami ningejibu kutoka kwenye nyanya zangu. "Njoo nikufunge wewe kwanza."

Tavian alicheka mpaka mpira ukamtoroka barabarani. Mnaona basi, kicheko kilikuwapo. Nalisema mapema ili asije mtu akasema Delbert alikuwa baba mbaya tangu mwanzo. Hakuwa.

Tavian akakua, akaenda chuo cha jimboni, na mwaka wake wa kwanza tu kocha Yancey akampa kazi ya mchezeshaji, yule anayeleta mpira mbele na kuwapangia wenzake. Alipenda chuo. Alipokuja likizo alinisimulia habari za mwenzake wa chumbani anayekoroma, na somo la udongo alilolifurahia bila kujua kwa nini. Alikuwa na miaka kumi na tisa na uso mkunjufu.

Msimu ulipokwisha, jamaa mmoja wa mtandaoni, ambaye sidhani kama aliwahi kumwona Tavian kwa macho yake, alitabiri kwamba kijana wetu atachaguliwa mwaka huo huo na timu ya ligi kuu. Amani ya nyumba ile ikaishia hapo.

Kwetu kanuni hii inajulikana mpaka na watoto wa shule ya msingi. Kijana wa chuo anaweza kutia jina lake kwenye uteuzi, ambapo timu za ligi kuu huchagua vijana wapya, akapimwa, akasikia wakubwa wanasemaje. Akiona mambo si mazuri, analitoa jina kabla ya siku ya mwisho na kurudi kuchezea chuo chake. Siku hiyo ikimpita, hakuna kurudi. Akichaguliwa, heri yake. Asipochaguliwa, chuo amekikosa na ligi ameikosa.

Delbert alilitia jina, akaacha zamu zake kiwandani, akachukua na simu ya mwanawe. Sikushangaa, maana wazazi wa wachezaji siku hizi ndivyo wanavyofanya. Mawakala wanapiga, waandishi wanapiga, na ndugu waliokuwa hawajulikani walipo nao wanapiga. "Akili ya mtoto itulie," alisema. Akamnunulia laini nyingine ambayo namba yake tuliijua wachache. Rochelle naye, kila alipopata siku ya mapumziko, alienda Indianapolis kuzunguka mitaa ya wenye nazo akichagua nyumba kwa macho.

Ua ukajaa magari. Binamu walikuja na binamu zao. Walikula mbavu, na Tavian akaletewa kuku wa kuchemsha asiye na chumvi, ndani, peke yake, kwa sababu mwili wake sasa ulikuwa mali ya watu. Hakuna aliyemwita jina lake tena. Ilikuwa "Bwana Milioni" huku, "mheshimiwa" kule. Wote walimpenda, jamani, lakini walimpenda mtu ambaye bado hajafika, na yule aliyekuwa mbele yao hawakumwona.

Siku moja mzee mmoja mrefu aligonga mlango wangu. Alisema anaitwa Lindqvist, ni msaka vipaji wa timu moja ya ligi kuu, na amekuja kuniuliza habari za kijana wa jirani. Msishangae. Watu hawa wakitaka kumjua mchezaji huuliza walimu wake, kinyozi wake, hata bibi wa nyumba ya pili.

"Anasalimia?" aliniuliza.

"Tangu akiwa mdogo. Na takataka zangu ananitolea bila kuombwa."

"Akishindwa anakuwaje?"

"Ananyamaza. Anarusha mpira peke yake mpaka namuonea huruma."

"Nani anakwenda kumtoa hapo?"

Swali hilo sikulitegemea. Nilifikiri, nikamwambia kweli: zamani ni baba yake, siku hizi hakuna. Mzee akanishukuru, akamaliza kahawa yangu bila kuisifu, akaondoka.

Kesho yake Tavian alicheza mbele yake kwenye ukumbi wa shule ya sekondari, pamoja na vijana wengine walioitwa kumpa upinzani. Rochelle alinichukua nikaone. Lindqvist alikaa juu kabisa, kona, peke yake. Delbert alikaa mbele, na kila mpira ulipokwenda vibaya alipiga goti lake kwa kiganja.

Mazoezi yalipokwisha Delbert alimfuata mzee huku amemshika mwanawe bega. "Haya mzee, niambie ukweli."

"Mtupu?"

"Mtupu."

"Anaiona pasi kabla wenzake hawajaiona. Hilo halifundishwi, amezaliwa nalo. Lakini mkono wa kushoto bado umelala, na akibanwa na mtu mwenye nguvu anageuza mgongo. Hayo yana dawa. Arudi chuoni mwaka mmoja, kocha wake anaijua kazi."

"Kuna lingine," alisema Rochelle, maana aliona mzee hajamaliza.

"Lipo, mama. Kila akikosa anatazama jukwaani, anamtafuta baba yake. Hawatazami wenzake. Mchezeshaji akigeuza macho hivyo, mpira umeshampita. Mwaka huu timu yangu haitamchukua, na sidhani kama kuna itakayomchukua."

Delbert alicheka kwa sauti ili wote wasikie. "Timu yenu inashika mkia kila mwaka, leo ndio mmejua kuchagua?"

Watu wakaangua kicheko. Mzee hakucheka wala hakukasirika. Alimpa Tavian mkono, akamwambia, "Rudi chuoni, kijana. Si aibu." Tavian alifungua mdomo. Akamtazama baba yake, akaufunga.

Ndani ya gari Delbert hakunyamaza. "Mnajua kwa nini anamponda? Anamtaka! Wanamponda makusudi ili timu nyingine zisimguse, halafu wamwokote kwa bei rahisi. Mchezo wao naujua!"

Hapa naomba nisimame kidogo. Ugonjwa huu tunao sisi tunaoishi kwa mpira wa kikapu. Ni kweli timu huficha zinachokitaka. Basi sisi, mtu akimsifu mtoto wetu tunasema huyo ni mkweli, na akimtia kasoro tunasema huyo anaficha. Ukishafika hapo, neno gani litakuingia? Umeziba masikio yote mawili na bado unajiona mjanja.

Siku chache kabla ya ile ya mwisho, Tavian aliruka uzio wangu na kukaa barazani. Nikampa mkate wa mahindi wenye siagi na chumvi yake. Akala kama aliyetoka kufunga.

"Hapa kuna raha," alisema. "Hakuna anayeniuliza kitu."

"Mimi nakuuliza. Unataka nini?"

Alilamba siagi kidoleni. "Nataka kurudi, Bi Clarice. Yule mzee amesema kweli, na mimi mwenyewe najijua. Ila kocha hanitaki tena."

"Nani kasema?"

"Baba. Ameniambia kocha ameshapata mchezeshaji mwingine. Na kweli, namba yangu mpya baba anasema amewapa, lakini tangu nije nyumbani kocha hajanipigia hata mara moja. Wala wenzangu. Hakuna hata mmoja."

"Mpigie wewe, basi."

"Angenitaka angenitafuta." Alifuta mikono kwenye suruali. "Nyumba imejaa watu na sina wa kuongea naye. Usimwambie mama, atalia."

Nilimwambia tena ampigie, nikamwambia na akiwa anaruka uzio kurudi kwao. Lakini kijana wa umri ule akiumizwa moyo hashiki simu, anasubiri aitwe. Siku ya mwisho ikapita. Uani kwao walikuwa wanabishana rangi ya keki, na gari la zimamoto lilikuwa limeshaombwa limpitishe mjini akichaguliwa.

Uteuzi wenyewe siku hizi huenda siku mbili. Siku ya kwanza ua ulifurika, runinga kubwa imewekwa gereji, Tavian amevaa suti ya buluu na kukalishwa katikati. Majina yalisomwa. Kila jina la mwingine liliposomwa, watu walimpiga mgongoni na kusema, "Linalofuata!" Yakaisha.

Siku ya pili, mchana, viti nusu vilikuwa vitupu. Hata yule mpiga picha wa televisheni ya hapa hakurudi. Majina yakasomwa tena, na kila mara binamu mmoja alikumbuka kwamba ana shughuli, akachukua sahani yake akaenda. Jina la mwisho liliposomwa tulibaki wanne. Delbert alisema, "Watapiga simu. Watapiga tu." Tavian alibaki amekaa na suti yake, mikono magotini, kama mgonjwa anayengoja kuitwa na daktari. Niliumia, jamani. Mpaka leo naumia.

Jumapili yake nilikwenda kuchukua viti vyangu nilivyowaazima, nikakuta gari geni. Kocha Yancey amekuja mwenyewe. Alimkumbatia Tavian pale uani mbele yetu.

"Pole sana, mwanangu."

"Asante, kocha."

"Nina swali moja tu, halafu niende. Mbona hukupokea simu zangu? Nimekupigia kila siku. Nafasi yako niliishikilia mpaka jioni ile ya mwisho, wakubwa wa chuo wakinigombeza. Wenzako wamekupigia mpaka wakaona umetususa."

Tavian alimtazama kana kwamba hajamwelewa. "Wewe ndiye hukunipigia."

"Mimi?" Kocha akatoa simu yake amwonyeshe.

Tavian hakuiangalia. Alikuwa ameshageuka. "Baba?"

Delbert alikuwa ameshika mfuniko wa jiko. Aliuweka chini polepole. "Wewe ulikuwa unasubiri sababu tu," alisema. "Ningekuachia usikie sauti yake, ungerudi."

"Ndiyo," Tavian alisema. "Ningerudi."

Hakupiga kelele. Rochelle alikaa kwenye nyasi akalia kwa sauti, kocha akatazama viatu vyake, na Delbert akaanza kueleza habari za nyumba, za maisha mazuri, za jasho lake kiwandani, mpaka sauti ikamwishia. Tavian alikunja viti vyangu kimoja kimoja akanivushia upande wa pili. Nilitamani agombe, avunje hata kimoja. Alivipanga vizuri ukutani, akanishukuru.

Kabla majira ya joto hayajaisha aliondoka. Anachezea timu ndogo huko Slovakia, kwenye mji ambao siwezi kulitamka jina lake. Ananiambia theluji huko haina mwisho, ukumbi ni mdogo, na ananunua chakula kwa kuonyesha kidole. Mama yake humpigia, wakasalimiana, wakaagana. Simu za baba yake hazipokei. Zangu anazipokea. Basi jioni Delbert husogea kwenye uzio na kuniomba, "Bi Clarice, hebu mpigie kidogo." Nampigia. Naiweka sauti juu, Delbert anasimama pale kwenye nyanya zangu, kofia mkononi, anasikiliza mwanawe akinieleza kuwa mafua yamepona. Siku moja nilisema, "Tavian, baba yako yupo hapa." Akajibu, kwa adabu ile ile niliyomjua nayo tangu mtoto, "Nimechelewa mazoezi, Bi Clarice. Tutaongea kesho."

FUNZO

Wazazi wenzangu, tamaa haiingii nyumbani ikiwa na sura ya tamaa. Inaingia ikisema inamtafutia mtoto maisha. Delbert hakuiba wala hakulewa. Alimpenda mwanawe, lakini alikipenda zaidi kile atakachokuwa, na ili akipate akamkatia mtoto kila sauti isipokuwa yake. Aliyemwambia ukweli alimwita mjanja, na aliyemtaka mwanawe arudi alimficha. Mtoto mwenye kipaji bado ni mtoto. Anahitaji rafiki, anahitaji chumvi kwenye chakula chake, na anahitaji haki ya kusema "sijawa tayari" bila nyumba nzima kununa. Kipaji kikichelewa mwaka mmoja hakiozi. Moyo wa mtoto aliyedanganywa na baba yake sijui unachukua miaka mingapi kupona.

Kwa hiyo kabla hujamwombea mwanao ukubwa, mkalishe, muulize anataka nini, halafu nyamaza mpaka amalize kujibu.