Raba Nyeupe za Latifa

Kila asubuhi kabla ya shule, Latifa alikimbia kutoka Mafiga hadi Bigwa na kurudi. Baba yake, Mikidadi, alimfuata kwa baiskeli akitazama saa. Zilibaki siku kumi na mbili kufikia mbio za barabarani za kilometa kumi. Mji mzima wa Morogoro hutoka kuzitazama, na Latifa alizitaka kwa moyo wake wote.

Zamani Mikidadi alikuwa mkimbiaji wa timu ya kiwanda alichofanyia kazi. Kiwanda kilipobinafsishwa aliachishwa kazi, na sasa aliuza viatu vya mitumba sokoni. Siku alipofungua robota la viatu akakuta raba nyeupe za mbio, hakuzipanga mezani. Alizifunga kwenye gazeti, akazipeleka nyumbani.

"Zinakutosha, mama?"

Vidole vya Latifa vilijikunja ndani ya kiatu. Akautazama uso wa baba. Tangu aachishwe kazi hakuwa amecheka namna ile.

"Zimenikaa sawasawa, baba."

Baada ya siku nne kasi ya Latifa ilipungua. Mikidadi alikuna kichwa. "Pumzi zako bado fupi. Kuanzia leo utapanda kilima mara mbili."

Latifa akapanda. Malengelenge yakapasuka, ukucha wa kidole gumba ukawa mweusi.

"We Latifa, unakimbia kama kuku aliyefungwa mguu!" alimcheka Furaha, jirani aliyefanya naye mazoezi. Alipoona soksi yenye damu, kicheko kikakatika. "Mwambie baba yako!"

"Atahuzunika."

"Na ukianguka mbele ya mji mzima, atashangilia?"

Jioni Latifa alimkuta baba yake akiziba pancha uani. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Latifa aliketi mbele yake. Alivua raba.

Mikidadi aliiona miguu ile, akaiacha baiskeli chini. Alileta maji ya vuguvugu yenye chumvi, akapiga magoti, akaanza kuiosha polepole.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi sana, baba."

Mikono yake ikasimama majini. "Kumbe ni mimi niliyekuwa nakuumiza! Nakupandisha kilima na vidonda hivi!"

Walikubaliana apumzike siku tano. Raba nyeupe alipewa Furaha, zikamkaa barabara. Latifa alipata nyingine, zilizochakaa lakini pana.

Siku ya mbio, kwenye kilometa ya saba, Mikidadi alipaza sauti kutoka pembeni mwa barabara, "Miguu vipi?"

"Mizima! Ila ubavu unachoma!" Latifa alijibu kwa nguvu hadi watu wakacheka.

"Punguza mwendo! Vuta pumzi ndefu!"

Alipunguza. Wengi walimpita, lakini alimaliza akiwa wa arobaini na mbili, kwa miguu yake mwenyewe.

Baba alimfunika kwa kanga.

"Leo umeniambia ukweli, nikaweza kukusaidia," alisema. "Anayekupenda mwonyeshe panapouma, mwanangu. Ukimficha, atakutibu pasipouma, na kidonda kitabaki chako peke yako."